Shabaha Kumi na Mbili

Mtaani kwetu tulimwita Ajida. Cheo chake kwa Kifaransa ni kirefu zaidi ya hapo, lakini Bukavu haina subira na maneno marefu, na yeye mwenyewe aliitika. Wengine walimwita Papa Sible, kwa ajili ya kazi yake: alikuwa mwalimu wa shabaha kambini, na sible ndilo neno la Kifaransa walilolitumia wanajeshi kwa kitu kinacholengwa. Alizaliwa wapi, ukoo wake ulikuwa upi, sijui. Miaka yote tuliyokaa jirani kwenye mteremko wa Kadutu sikumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Ninachojua ni macho yake, viatu vyake vilivyong'aa hata siku za matope, na namna alivyogeuza karatasi.

Nianze na karatasi, maana ndizo zilizotukutanisha. Mimi nilikuwa sekretere katika shule ya sekondari ya masista. Mali yangu ilikuwa mashine ya kuandikia, muhuri, na kabati moja la mbao lililojaa mambo ya zamani. Yeye kambini alikuwa na bunduki, alikuwa na risasi kidogo, alikuwa na makuruta wasiojua jicho lipi la kufumba. Shabaha ndizo hakuwa nazo. Zile zilizochapwa vizuri, zenye duara na namba, ziliagizwa Kinshasa kila mwaka, na kila mwaka hazikufika. Basi ikawa juu yake kutafuta kitu cha kupiga, na kwa kuwa hakupewa cha kununulia, kitu chenyewe kilipaswa kuwa cha bure.

Mtu mwingine angeokota chochote. Ajida alichagua kama mama anayechagua maharage sokoni, moja moja, na kila alichokikataa alikuwa na sababu yake. Makopo ya nyanya aliyakataa, kwa kuwa risasi ikigonga bati hujui itarudi wapi. Chupa alizikataa kwa hasira. Chini ya lile tuta la udongo lililokuwa nyuma ya shabaha wanawake walilima maharage siku ambazo hakuna mazoezi, na walilima peku. "Bamama banakanyaga pale," alisema, "weye utabashona miguu?" Siku moja sajini mmoja alileta maboga makubwa, akasema yataonekana vizuri toka mbali. Ajida aliyabeba mpaka nyumbani, mkewe akayapika, makuruta wakala. Kitu cha kuliwa hakukipigia risasi kamwe, hata kama kimeanza kuoza.

Alichokipenda ni mgomba. Ukishakata ndizi, shina linabaki shambani bila kazi. Ni laini, linameza risasi wala haliirudishi, na hakuna mwenye shamba anayelia. Aliyasimamisha mashina yale kama nguzo, na juu yake akapigilia katoni za sabuni na za sardini alizoomba kwa wafanyabiashara. Katoni aliipaka gundi ya unga wa muhogo, nzito, aliyoipika mwenyewe, kisha akabandika karatasi nyeupe juu. Duara alilichora kwa masizi ya sufuria na mafuta kidogo, akizungusha kifuniko cha mkewe. Kifuniko kile kilikuwa na ukingo mweusi daima, na maman Ajida alilalamikia jambo hilo muda wote niliomfahamu. Mwisho wa mazoezi Ajida alikwenda mwenyewe hadi kwenye shabaha, hakutuma mtu, akaziba kila tundu kwa kiraka kidogo cha karatasi ili kesho zitumike tena. Katoni moja ilifanya kazi wiki nzima, na ikifika Jumamosi ilikuwa viraka vitupu.

Hivyo kila Ijumaa alipita ofisini kwangu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na kwa kuwa kulikuwa na watu alisema kama serikali ilivyotaka tusemeshane, raia kwa raia: "Citoyenne, makaratasi iko?" Nyumbani, mbele ya mume wangu, niligeuka kuwa maman sekretere. Nilimpa mitihani ya zamani, orodha zilizokosewa, karatasi zilizochafuliwa na mashine ya kunakilisha. Alizipokea moja moja. Aliangalia mbele, akageuza, akaangalia nyuma, kisha akaiinua kuelekea dirishani na kuitazama kwa mwanga. Ndipo akaiweka upande wa ndiyo au upande wa hapana.

Msomaji aliyekuwa Zaire miaka ile hahitaji kuambiwa kwa nini. Picha ya Rais ilikuwa kila mahali: ukutani, kifuani kwenye beji, kwenye noti, kwenye ukurasa wa kwanza wa kila gazeti. Kila mmoja wetu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyefunga samaki vibaya kwa gazeti lile, akaenda kueleza kwa watu wasiocheka. Na huyu kazi yake ilikuwa kutoboa karatasi kwa risasi. Gazeti hakuligusa hata likiwa na picha ya mpira tu. "Gazeti, hapana," alisema, akalisukuma kwa kidole. Nilimcheka. Nilimwambia anakagua karatasi kuliko masista wanavyokagua barua za wasichana. Hakukasirika, aliendelea kugeuza.

Na kamba. Mafungu yake niliyafunga kwa kamba ya katani, na kila Ijumaa alinirudishia ile ya wiki iliyopita, imeviringwa vizuri. Kwa miaka mingi nilitumia kamba ileile.

Macho yake yalikuwa mashuhuri. Tukiwa tumekaa uani kwetu Jumapili, ziwa likiwa chini kule, meli ikitokea upande wa Goma, Ajida alisoma jina lake wakati sisi tulikuwa bado tunabishana kama ni meli au ni wingu. Wazee wa mtaa walimletea sindano awatungie uzi. Mama mkwe wangu, ambaye hakumpenda mwanajeshi yeyote, alimpenda huyu kwa sababu ya sindano. Ajida alijua kwamba ana macho na alijivuna nayo kidogo. Mtu akivaa miwani mbele yake alimpa pole kana kwamba amefiwa.

Sitaki kumpamba. Alinuna haraka, na akinuna ilikuwa wiki. Akicheza dama na mume wangu, kwa vifuniko vya chupa, aliiba waziwazi, akishikwa anasema kifuniko kilisukumwa na upepo. Alimwogopa mkewe. Alikuwa anafundisha watu kuua, tusipindishe maneno, lakini kuku wa Noeli alichinjwa na maman Ajida, naye alikuwa nyuma ya nyumba anafuta viatu vilivyokwisha futwa. Mume wangu alimwuliza siku moja kama wakati wa vita vya waasi aliwahi kumpiga mtu. Ajida alisogeza kifuniko chake. "Ni zamu yako," akasema. Mume wangu hakuuliza tena.

Makuruta walimsimulia kwa maneno mawili tu. La kwanza ni la Kilingala cha jeshini, malembe, yaani polepole. La pili lilikuwa lake mwenyewe: "Sible haikimbie." Wakati wengine walifundisha kwa makofi na matusi, yeye alilala chini kifudifudi karibu na kijana anayetetemeka, akamwambia, "Malembe. Vuta pumzi. Sible haikimbie, inakungojea." Akaliona neno hilo linafaa kila mahali. Maharage hayajaiva, sible haikimbie. Mume wangu anachelewa misa, sible haikimbie. Binti yangu alipokuwa anazaliwa na mimi ninalia, alisema vilevile kutoka nje ya mlango, na siku ile nilitamani kumrushia sufuria.

Kitu kimoja alikikataa hata mbele ya wakubwa: shabaha yenye umbo la mtu. Komanda mmoja aliyependa mambo ya kisasa aliamuru zichorwe, zenye kichwa, mabega na kiuno. Ajida alipiga saluti, akaenda. Siku ya mazoezi zilisimama pale shabaha zenye shingo ndefu, mabega ya duara na tumbo pana, na kila mtu mwenye kiu alitambua kwamba ni chupa za bia. Makuruta hawakuwahi kupiga vizuri namna ile. Komanda alicheka mpaka akasahau kukasirika, na mambo ya vichwa na viuno yakaishia hapo. Nilimwuliza Ajida kwa nini hakutaka. Alisema mwanajeshi atamwona mtu mbele ya bunduki siku moja, akikosa bahati, na siku hiyo afadhali akiwa hajazoea.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Nimelizunguka vya kutosha.

Katika kabati la ofisi kulikuwa na kalenda. Kila mwaka chama kilituletea kalenda za ukutani, kubwa, za karatasi nene inayong'aa, zenye picha ya Rais na kofia yake ya ngozi ya chui, na kila mwaka zilikuja nyingi kuliko kuta zetu. Mwaka ukiisha, zilizobaki hazikuwa na kazi tena, lakini nani atazitupa? Nani atazichoma, mbele ya macho ya nani? Sista mkuu alisema, ziacheni humo. Zikaachwa humo, mwaka juu ya mwaka, mpaka mlango wa kabati haukufunga tena na nikawa ninauzuia kwa kiti. Nadhani kila ofisi ya Zaire ilikuwa na kabati la namna hiyo.

Msimu mmoja wa mvua Ajida alikuja Jumatatu, siku isiyo yake. Mkaguzi kutoka makao makuu alikuwa anakuja kambini, mkubwa mwenye nyota, kutazama makuruta wakipiga. Ajida alikuwa ametengeneza shabaha nzuri kwa mwezi mzima na kuzianika kwenye banda. Mbuzi waliingia. Gundi ya muhogo, kwa mbuzi, ni chakula; walikula karatasi, wakala katoni, wakaacha mashina ya migomba. Komanda mpya, maana yule wa chupa alikuwa amehamishwa, alikuwa amemwambia kwamba shabaha zikiwa za aibu atatafutwa mwalimu mwingine. Ajida alisimama mlangoni kwangu akikunjakunja kofia. Sikuwa nimemwona akiomba namna ile kabla ya siku hiyo. "Maman," akasema, ofisini, mbele ya watu, "nisaidie."

Nilimwambia arudi kesho saa saba. Wasichana walipotoka nikafungua lile kabati. Nilichukua kalenda ishirini na nne. Nilikata ukingo wa bati, nikazibandika mbili mbili, uso kwa uso, picha ndani, mgongo nje. Gundi niliipika jikoni kwa masista, haraka haraka, nyepesi. Zilitoka nyeupe pande zote mbili, ngumu, pana, nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kumpa. Ninasema kweli, nilifurahi. Nilikuwa nimemwokoa rafiki na nimefunga mlango wa kabati siku moja. Nilizifunga kwa kamba ile, nikaandika juu ya fungu 12, nikagonga muhuri, maana mkono wa sekretere hauachi kitu kitoke bila muhuri. Kisha nikakumbuka dirisha la chumba cha watoto wangu, ambalo kioo chake kilivunjika na mvua iliingia mpaka kitandani. Nilichomoa moja, nikaiviringisha chini ya kitenge, nikafunga fungu tena. Ile 12 niliiacha kama ilivyo.

Kesho yake alikuja. "Ni za nini?" aliuliza. Nikamwambia ni karatasi za ramani, za masomo ya jiografia, hazikutumika. Aligeuza kila moja, mbele na nyuma. Mbele nyeupe, nyuma nyeupe. Aliinua moja dirishani, lakini mbingu ilikuwa nyeusi tangu asubuhi na hakukuwa na mwanga wa kumwonyesha lolote. Akaniangalia, akatabasamu kwa meno yote. Sikumbuki kama aliwahi kutabasamu vile kabla yake.

Yaliyotokea siku ya ukaguzi mji wote uliyajua kabla ya jioni, na mji uliyacheka. Makuruta walikuwa wamelala kifudifudi, shabaha nne zimesimamishwa mbele yao, mkubwa amekaa chini ya turubai, mvua inanyesha kidogo. Mkupuo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ulipokuwa unaanza, Ajida alipiga kelele waache, bila amri ya mtu. Akaruka mstari. Akakimbia mbele ya bunduki zilizojaa risasi, mita mia nzima, akasimama mbele ya shabaha na mikono ameitandaza. Akazing'oa zote nne, akazikumbatia kifuani chini ya koti la mvua. Alipoulizwa alisema ameona mama anapita nyuma ya tuta na jembe. Walitazama nyuma ya tuta. Hapakuwa na mama, hapakuwa na jembe, hapakuwa na nyayo kwenye matope. Mkubwa alikasirika, akaondoka kabla ya chakula. Kesho yake Ajida alitiwa kasho, yaani lokapu ya kambi, majuma mawili, na alipotoka daktari wa kambi alikuwa amekwisha andika kwamba macho yake yamekwisha. Mwalimu wa shabaha asiyeona. Vijana wa Kadutu waliigiza barabarani, mmoja anatandaza mikono, mwingine anauliza, "Papa Sible, mama iko wapi?"

Mimi nami nilidhani ni macho. Mpaka siku ya tatu, Ajida akiwa bado kasho, mkewe alipokuja ofisini. Hakukaa, hakusema neno. Aliweka kamba mezani, imeviringwa vizuri kama kawaida, akaondoka. Ncha yake moja ilikuwa imeungua.

Nilielewa papo hapo. Mvua, na gundi yangu nyepesi. Alikuwa amezichoma zile kalenda. Niliingojea ile gari isiyo na namba, ya watu wa usalama, kwa wiki, kwa miezi. Kila hatua kwenye korido ilikuwa yao. Haikuja. Hakumtaja mtu. Ningeweza kwenda kumwona. Ningeweza kumpelekea chakula kasho kama jirani yeyote, ningeweza hata kuwanyamazisha wale vijana barabarani. Sikufanya hata moja. Niliogopa, na baada ya woga ikaja haya, na haya ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu haikuisha. Kabla ya Pasaka walihama, yeye na mkewe, wakateremka bondeni Ruzizi, watu walisema kulima. Dirishani kwa watoto nilibandika karatasi ya kaki juu ya ile nyeupe, tabaka mbili, nikaiacha, kwa kuwa kuing'oa kuliniogopesha kuliko kuiacha.

Ikapita miaka minane.

Nilikuwa ninakwenda Uvira kwa lori la parokia. Baada ya Kamanyola lori lilianza kukohoa, na tulipofika Luberizi likazimika kabisa. Dereva alitafuta baiskeli aende Sange kuulizia kifaa, akatuambia tutafute pa kulala, haliponi leo. Ilikuwa alasiri, jua kali la bondeni. Pande zote mbili mpunga ulikuwa umekomaa, na ndani ya mpunga zilisimama sanamu za kutishia ndege. Bondeni kote huwa wanavisha mti shati kuukuu na kofia. Hizi hazikuwa na shati wala kofia wala kichwa. Zilikuwa mashina ya migomba, na kifuani katoni nyeupe, na juu ya katoni duara jeusi, kamili, upana wa kifuniko cha sufuria.

Nilishuka barabarani nikatembea kwenye tuta la mfereji. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kombeo miguuni, nywele zote nyeupe. Viatu vyake viling'aa.

"Ni weye, maman sekretere," akasema. "Nimekuona tangu ku camion. Sandale yako ya kushoto imekatika kamba."

Niliitazama sandale. Imekatika kweli, na kutoka pale alipokaa mpaka lori palikuwa mbali kuliko mita mia mbili.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miaka minane na hakuna lililokuja. Nilisema Ajida, nikasema Ajida tena.

"Malembe, maman," alisema. "Sible haikimbie."

"Zile karatasi," nikasema. "Haikuwa za ramani. Ni miye niliyebandika."

"Ninajua. Nani mwingine? Gundi ilikuwa maji."

"Sikukuya kukuona ku kasho. Niliogopa."

"Ulifanya muzuri. Kama ungekuya, bangeuliza juu ya nini sekretere ya masista analetea Ajida chakula." Alirusha jiwe kwa kombeo, kundi la ndege likainuka likatua mbali kidogo. "Mvua ilinyesha, nikaona kona moja inaachana. Kidogo tu, sawa kidole. Nikaona rangi. Nikaona madoa ya chui. Mkubwa iko na darubini, haone kitu. Komanda haone. Mimi naona. Nikasema, dakika mbili na uso wote inakuya inje, na matundu yake. Sisi bote tumekwisha, na batoto bale benye kulala na bunduki, nabo bamekwisha. Mama wa jembe nilimuvumbua pale pale njiani, ninakimbia."

"Na wakaandika kama wewe kipofu."

"Njo iliniuma," alisema. "Sikatae. Kasho haikuniuma. Ile iliniuma."

Nililia, basi. Sikuwa na lingine. Aliniacha nilie, akaendelea kutazama mpunga wake, na nilipomaliza hakuniambia pole. Alikuwa amegeuka kunitazama usoni, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Maman, nikuulize kitu. Zilikuwa ngapi?"

"Nini?"

"Zile sible. Ku pake, ile fungu, uliandika douze, kumi na mbili, na muhuri juu. Nilibeba mu banda bila kuhesabu, nilikuamini. Ile jioni nikachoma zote mu jiko ya bibi yangu, na pake na muhuri. Mbele ya kuchoma nikahesabu. Onze. Kumi na moja. Nikahesabu tena. Mara tatu. Onze. Bakanitia kasho asubuhi, sikupata kuuliza. Kisha nikatoka, nikasema, nikikuuliza, bataniona naenda kwako." Alishika kombeo kwa mikono miwili. "Nikasema kuruta mumoja aliiba. Aliona karatasi muzuri, akapeleka kwabo. Makuruta bale banatumwa fasi yote, Shaba, Kisangani. Siku moja itaachana ku ukuta ya mutu, bataona, batamuuliza ilitoka wapi. Miaka munane, maman. Kila motokari ikisimama hapa barabarani ninasema, ni ile, douze imepatikana. Hata leo. Camion yenu ilipozimika, nilisema, njo bale, bamekuya."

Kosa langu kubwa nilikuwa nimelibeba miaka yote hiyo, na yeye alikuwa amenisamehe siku ileile. Hili dogo, la tarakimu moja ambayo sikuifuta, sikuwa hata najua kwamba lipo.

"Iko kwangu," nikasema. "Haikutoka Kadutu. Nilichomoa moja mbele ukuye, juu ya dirisha ya batoto. Nilisahau kubadilisha namba. Iko pale mpaka leo, na kaki juu yake."

"Ku dirisha."

"Ku dirisha ya batoto."

Ndege walirudi kwenye mpunga, wakaanza kula, na hakuinua kombeo.

"Na mvua," akauliza mwishoni, "ilikuwa inaingia?"

"Haikuingia."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Basi ile moja ulibandika muzuri," akasema, akasimama, akanionyesha njia ya nyumbani kwake.

Maman Ajida alinipokea bila maneno mengi, kama siku ile ya kamba. Alinipikia sombe, yaani kisamvu, akanipa mkeka wake. Wakati tunaosha vyombo aliniambia mumewe halali. Tangu watoke Bukavu, alfajiri haijawahi kumkuta kitandani. Anakaa mlangoni na viatu vyake amevaa, anasikiliza barabara. Sikumweleza. Nilidhani ni juu yake Ajida kumweleza, akitaka.

Asubuhi niliamshwa na jua, limekwisha panda juu ya milima. Maman Ajida alikuwa amesimama nje, kidole mdomoni. Alinionyesha mlango wa chumba chao, uliofungwa, na chini ya mlango viatu viwili vimewekwa pembeni, havijafutwa. Ndani mtu alikuwa anakoroma. Kule shambani ndege walikuwa wametua mamia kwa mamia, hata juu ya zile shabaha, na mkewe hakuthubutu kupiga kelele wala kumwamsha.

Nilichukua kombeo kwenye kigoda. Sijui kutumia kombeo. Nikaliweka, nikafunga kitenge vizuri, nikavua sandale, nikaingia kwenye mpunga nikipunga mikono, kimya kimya, kutoka shabaha hadi shabaha, mpaka dereva alipokuja kuniita.